Moshi wa Bibi Morta

Baba yangu, Baltrus, na Bwana Kristof Sirvyd walinyonya titi moja. Bibi yangu Morta alichukuliwa kwenda ngomeni kumnyonyesha mtoto wa bwana, kwa kuwa mama yake alikauka maziwa siku ya tatu. Wakakua pamoja hadi umri wa miaka saba. Kisha mmoja akapelekwa kujifunza upanga na Kilatini, mwingine akatiwa mikononi mwa mhunzi.

Kufikia miaka thelathini Bwana Kristof alikuwa anaongoza wapanda farasi mia nane. Baba alimfuata katika vita vitatu, kazi yake kupiga viatu vya farasi. Alirudi kijijini kwetu Ruvena anachechemea, maneno yamempungua. Alikuwa na kauli moja tu kuhusu vita: mkubwa akikuficha jambo, tazama kwato za farasi wake.

Mwaka waliokuja Waswidi nilikuwa mama wa mtoto mmoja. Kabla yao walikuja mbwa. Walitokea upande wa magharibi, wawili leo, watano kesho, mbwa wa vijiji vilivyochomwa. Hawakubweka. Walikaa kando ya barabara wakitutazama, na mbwa wetu wakaingia uvunguni.

Jumapili moja, baada ya misa, Bwana Kristof alisimama mlangoni pa kanisa, mkono juu ya upanga.

"Mswidi hatakunywa maji ya ziwa hili nikiwa hai," alisema. "Leteni nafaka yenu ngomeni. Tutakaa humo pamoja, na tukifa tutakufa pamoja."

Wanawake walilia kwa shukrani. Tukabeba shayiri yetu hadi ghala zikabaki na panya tu.

Jumanne msimamizi wake, Olekas, akaja karakanani. Alitaka farasi mia na ishirini waliosalia jeshini wapigwe viatu vyenye misumari ya kushikia barafu, wawe tayari kufikia Jumamosi.

Baba akaweka nyundo chini. "Vya kusimama nyuma ya ukuta?"

"Wewe fundi au jemadari?" Olekas akamjibu, akaenda zake.

Baba hakula mchana ule. Alipanda ngomeni, akamkuta Bwana Kristof peke yake mezani, mbele yake mkate mweusi ambao haujaguswa. Mazungumzo yao alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye.

"Unavuka ziwa juu ya barafu, Kristof."

"Piga viatu. Kufikiri niachie mimi."

"Nilikuachia vita vitatu. Ndio mguu huu."

Bwana Kristof akacheka kidogo, kisha kicheko kikamtoka usoni. "Nahitaji siku tatu," alisema. "Ninyi mkiwa humu ndani mnakoka moto, wao watauona moshi, watadhani nipo. Watauzingira ukuta. Jeshi langu litapona."

"Na sisi?"

"Nimekutengea nafasi nne kwenye gari la kuteleza barafuni. Wewe, mama, binti yako na mtoto."

"Tuko mia mbili na arobaini."

"Najua mko wangapi. Ukifungua mdomo, Baltrus, nitakunyonga langoni, na nitakulilia kuliko mtu yeyote. Lakini nitakunyonga."

Baba akarudi akapiga viatu. Siku nne mfululizo, farasi baada ya farasi, askari wakimsimamia. Lakini kila mwanakijiji aliyeleta jembe au shoka kunolewa, alirudishiwa pamoja na neno moja la kunong'ona: Jumamosi, kinamasini. Barafu ya kinamasi ilikuwa bado nyembamba. Ingebeba mtu, isingebeba farasi.

Bibi Morta aliposikia mpango wote aliendelea kumenya kiazisukari chake chekundu cha supu.

"Waswidi wakikuta hakuna moshi," alisema, "watafuata nyayo zenu siku hiyo hiyo."

"Tutatembea haraka, mama."

"Na watoto? Na wewe na mguu huo?" Akafuta kisu kwenye aproni. "Mimi nitabaki nikoke moto. Jikoni pale ngomeni napajua."

Baba alimsihi, akafoka, mwisho akapiga magoti. Bibi akamwambia ainuke, sakafu ni baridi.

Jumamosi asubuhi ukungu ulilala juu ya ziwa. Wapanda farasi walianza kuvuka, misumari ikikwaruza barafu. Bwana Kristof aligeuza farasi akaja mpaka mlangoni petu.

"Pandeni."

"Nenda," baba akasema.

"Mama yuko wapi?"

"Anapika."

Akatutazama mmoja mmoja. Nadhani alielewa. Angeweza kuita askari, na mimi nilimbana mwanangu nikingoja aite. Hakuita. Akavuta hatamu, ukungu ukammeza.

Sisi tukashika njia ya kinamasi, kila mtu akikanyaga alipokanyaga wa mbele yake, barafu ikilia chini yetu. Kila nilipogeuka niliona mabomba sita ya ngome yakitoa moshi. Siku ya pili, sita. Siku ya tatu asubuhi, manne. Adhuhuri ulipanda moshi mmoja, mweusi, mpana kuliko ngome yenyewe. Baba aliutazama mara moja, akamwinua mzee aliyekuwa ameanguka, tukaendelea.

Tulifika msituni tukiwa mia mbili na thelathini na sita.

Amani ilipokuja tulirudi tukajenga upya. Mwaka wa kumi na moja akaja Bwana Kristof, mvi tupu, bila jeshi. Alishuka farasi mbele ya karakana.

"Nataka kujua alipozikwa mama," alisema.

Baba alitangulia kwa kuchechemea hadi kilimani, palipokuwa na ngome. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya majivu na mawe.

"Wapi?" Bwana Kristof akauliza.

"Hatukupata kitu cha kuzika," baba akasema. "Ni hapa pote."

Bwana Kristof akautazama udongo uliokuwa chini ya viatu vyake. Akainua mguu mmoja, akakosa mahali pa kuuweka.