Kadi ya Tano

Zahran alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha seva hapa Ruwi, ghorofa ya chini, ninapopeleka kahawa. Kompyuta ikiandika kwamba kadi fulani ya kumbukumbu imezidi makosa, yeye huizima, akaing'oa kadi hiyo na kutia mpya. Mwaka ilipoletwa programu mpya ya kutaja kadi mbovu, kila aking'oa, makosa yalibaki palepale.

Mkuu wetu, Ghalib, alimsimamisha mbele ya watu.

"Hebu nihesabie vidole, Zahran."

"Bwana, nimeng'oa ya tatu kama ilivyoandikwa."

"Nimesema hesabu!"

Akahesabu mpaka kumi. Walicheka, wakambandika jina la Mwalimu wa Hesabu. Ghalib akamwambia akikosea tena, aende kwao.

Zahran akachukua mashine iliyokwisha tupwa, akaichunguza siku nne, akajua. Programu ilihesabu nafasi za kadi kuanzia sifuri, na ubao wenyewe zinapochomekwa kadi umechapwa namba kuanzia moja. Ikisema ya tatu, mbovu ni ya nne. Akamwendea Mundhir, aliyeandika programu ile. Nilikuwa namimina kahawa.

"Mwanangu, programu yako inapungukiwa na moja."

"Ami, wewe kaza skrubu. Programu niachie mimi."

"Basi nitakuwa naongeza moja."

"Ongeza hata kumi!"

Akaongeza, na kwa miezi miwili hakukosea. Akarudi kula tende na wenzake.

Mundhir naye akairekebisha programu kimya kimya. Desturi ya waandishi wa programu, marekebisho hutumwa kwa barua pepe wakayasoma wenzao wa dunia nzima, na chini huandikwa jina la aliyegundua kosa. Aliandika lake. Zahran hakuambiwa.

Jumatatu kompyuta ikaandika: kadi ya tano. Zahran akasema Bismillahi, akaongeza moja, akang'oa ya sita, nzima kabisa. Kabla ya adhuhuri mashine ikazimika yenyewe, na kazi zote zilizokuwemo zikapotea.

Ghalib akashuka, na Zahran akamgeukia mwenzake. "Mundhir, mwambie bwana! Programu inapungukiwa na moja!"

Mundhir akageuza skrini. "Tazama, bwana. Imeandika tano, na mbovu ni ya tano. Kosa liko wapi?"

"Mama huyu alitusikia," Zahran akasema, akinigeukia.

"Ulisikia nini, wewe?" Ghalib akaniuliza.

Mungu anisamehe. Nilisema mambo ya kompyuta siyajui.

Zahran akaweka funguo zake juu ya sinia langu, kati ya vikombe, akatoka.