Migomba Niliyoivika Blanketi

Nilipoolewa Gwassi, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nilijua omena, wale dagaa wa ziwani, na nilijua nyavu. Mgomba sikuujua. Kwetu Sori jua huchoma hata nyasi, na ndizi tulizokula zililetwa sokoni na watu wa mbali. Huku milimani nako asubuhi ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuondoka, na mwezi wa saba nilikuwa navaa sweta mbili nikienda kisimani. Watu walinicheka. Nami nikawaona wao ndio wenye kasoro, kutembea kifua wazi kwenye baridi ile.

Kwa desturi yetu, mke mpya hupika jikoni kwa mama mkwe mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapomwekea mafiga yake, yale mawe matatu ya kutegeshea sufuria. Wengine huwekewa baada ya miezi michache. Mimi nilimaliza mwaka na zaidi nikipuliza moto wake na kuulizwa kama sufuria nimeisugua vizuri. Mume wangu alikuwa Masara akichimba dhahabu, na kila alipokuja mwisho wa mwezi aliniambia nivumilie. Ni rahisi kumwambia mtu avumilie ukiwa unakula kwingine. Niliyataka mafiga yangu mpaka nikawa nayaota.

Siku moja mama mkwe alinipa kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Panda rabolo hapa, Nyar Sori," aliniambia. Rabolo ni ndizi, na Nyar Sori ni mimi, binti wa Sori, maana huku mke huitwa kwa kwao. "Panda, tuone."

Hilo "tuone" ndilo lililonipeleka mbio. Nilielewa kwamba ndizi zangu ndizo zitakazosema kama naweza kuachiwa moto wangu. Mtu mwenye akili angemwomba yeye mwenyewe miche, maana migomba yake ilijaa machipukizi. Lakini nilikuwa na kiburi cha watu wa ziwani, na sikutaka iwe kwamba hata mche nimepewa naye. Nyuma ya zahanati ya misheni nikakuta migomba mitatu imeng'olewa na kutupwa kwenye shimo la takataka, minene kama mkono wangu, majani yake mekundu kwa chini, ya kuvutia ajabu. Sikumwuliza mtu. Nilifikiri, kama migomba ya wazungu inapendeza hivi, ndizi zake zitakuwaje?

Niliipanda, nikaimwagia mbolea ya ng'ombe, nikaizungushia nyasi kavu kwenye shina. Baridi ilipoanza nikaanza kuihurumia. Nilijipima mwenyewe: ikiwa mimi natetemeka, hii iliyosimama nje usiku kucha inafanyaje? Nikaifunga magunia. Magunia hayakutosha, nikauvika mmoja blanketi langu la zamani na kulifunga kwa kamba ya katani. Siku mvua ya mawe iliponyesha na kuchana majani, nilisimama pale nikalia kabisa, kamasi na yote.

Bwana shamba alipita na baiskeli yake, akasimama.

"Mama, hii nayo iko na homa?"

"Ni baridi," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika usukani vizuri asianguke. Kisha akaniambia nisifunike shina muda wote, litaoza, niongeze nyasi tu chini. "Lakini inapendeza sana hii," akasema, na akaenda zake. Kila aliyepita alisema inapendeza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza itazaa lini, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini, nilivimba kichwa. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba watu walidhani nimepanda mapambo kwa makusudi, kama masista wa misheni, na walinisema kwenye njia ya kisima: mke wa fulani anachezea ardhi na bado anakula kwa mkwewe.

Mama mkwe alikuja mara nyingi kuitazama. Alikuwa akisimama, mikono nyuma, anaangalia majani, anaangalia lile blanketi, kisha anarudi kwake. Nikimwuliza, "Mama, inaendeleaje?" anajibu, "Unaiona mwenyewe." Nilishindwa kujua ni sifa au ni tusi. Migomba yake ilizungukwa na watoto kila upande. Yangu ilisimama peke yake bila chipukizi hata moja, mirefu kuliko paa. Nilifikiri ni kwa sababu ya baridi. Nikaongeza nyasi.

Mwaka wa tatu mgomba mmoja ulitoa ua. Nilipiga kelele nikiwa peke yangu shambani. Mkungu ulishuka taratibu, na ingawa ndizi zilikuwa fupi na nene, zilikuwa ndizi. Niliposikia wanawake wa kanisa watakuja kwa mama mkwe siku ya Jumamosi, nikajua siku yangu imefika. Nikaukata mkungu.

Nilipomenya ya kwanza kisu kiligonga kitu. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi, kubwa kama mahindi, ngumu kama kokoto, na nyama kidogo tu ya kuzishikilia. Nilimenya ya pili, ya tatu. Zote. Hapo ndipo akili iliponivurugika kabisa. Je, ndizi zote zilikuwa hivi zikiwa mbichi? Ndizi mbichi za kumenya mwenyewe nilikuwa sijawahi kupewa jikoni mle. Kazi yangu ilikuwa ugali, mboga na kuosha. Nikajiambia hata maharagwe huanza yakiwa mawe. Nikatia magadi, nikachochea moto kuanzia asubuhi. Mama mkwe aliingia mara mbili, akafunua sufuria, akafunika. Na mimi sikuuliza, maana kuuliza kungekuwa kukiri.

Saa tisa wageni wakanawa. Nikapakua. Wanawake watatu waliangalia sahani zao, kisha wakaangaliana, kisha wakaangalia mabati ya paa. Mama mkwe alichukua kipande, akatia mdomoni, na sote tukasikia jino lilivyogonga. Akatoa mbegu kwa vidole viwili, akaiweka pembeni mwa sahani. Akala nyama iliyobaki. Akachukua kipande kingine, akafanya vivyo hivyo. Alimaliza sahani nzima namna hiyo, akiongea habari za kwaya, na wale wengine, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba, wakalazimika kula pia. Nilitamani ardhi inimeze.

Wageni walipoondoka niliosha vyombo bila kuinua uso. Asubuhi nilisikia kishindo kwangu. Nilimkuta mama mkwe ameinama kwenye kibanda kilichokuwa upande wa nyumba yangu, anasukuma jiwe kwa mguu. Mawili yalikuwa yamekaa tayari. Aliliweka la tatu, akalikanyaga likatulia.

"Kuanzia leo utapika hapa," akasema.

"Nimekosa, Mama?"

"Nimesema utapika hapa."

"Unanipa jiko, ama unanifukuza kwako?"

Alijipangusa mikono kwenye leso. "Wewe washa moto, Nyar Sori."

Kitu nilichokililia karibu miaka minne kilikuwa mbele yangu, na sikujua nifurahi au nifunge virago. Mume wangu alipokuja alisema ni heshima, mama yake hajawahi kumwekea mtu mafiga kwa hasira. Mama yangu wa Sori, nilipompelekea habari, akajibu kwamba mkwe aliyevunjwa jino hufanya hivyo hivyo. Wote wawili walikuwa na uhakika. Mimi tu, niliyekuwepo, ndiye sikuwa nao.

Ila siku hiyohiyo ya mafiga nilipika. Nilisonga ugali, nikakaanga omena kwa nyanya, kitu ninachokijua hata nikiwa usingizini, na jua lilipokaribia kuzama nikampelekea sahani yake kama inavyotakiwa. Alinawa. Kabla ya kumega, aliuminya ugali kwa kidole kimoja, hapa na pale, polepole, mpaka kote. Alikuwa anatafuta mawe. Nilisimama mlangoni nikiona haya mpaka masikio yakawa moto.

Hakukuta kitu. Akamega, akachovya, akala, akala tena. Sahani ilipofika nusu ndipo aliponiangalia.

"Kesho ongeza chumvi," akasema.

Nilirudi kwangu nikaketi kando ya mafiga yangu, nikalia. Alikuwa amesema kesho.