Kidole cha Shahada cha Babu Yenu

Nyinyi wajukuu zangu mnaosoma haya, tulieni msome vizuri. Babu yenu mmemwona kwenye picha tu, na kila mmoja wenu huniuliza kwa nini kidole chake cha shahada ni kifupi. Nitasema, na pale nilipokosa mimi nitapasema vilevile.

Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi. Babu yenu alikuwa akishona kanzu, na darizi ya shingoni akiitia kwa mkono. Sindano ikamchoma kidole cha shahada, akaipuuza, kidole kikavimba mpaka mkono mzima ukawa moto. Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mgeni, ana mkalimani wake. Alituita nje ya wodi, mimi na shemeji yangu aliyekuja kutoka Paje, akasema kidole kimeoza, kikiachwa mkono wote utakwenda.

Siku hizo maneno mazito wakiambiwa jamaa, mgonjwa akafichwa asivunjike moyo. Shemeji akaniangalia mimi. Nikasema kikatwe, chote. Niliogopa kubaki mjane. Niliporudi kitandani nikamwambia babu yenu kuwa kesho atapigwa sindano.

Asubuhi nikaja na uji wa nyumbani kama kawaida yangu, muuguzi akanikataza nisimpe, maana anayekatwa hali kitu. Nikaurudishia kifuniko. Babu yenu alilitazama lile kopo, kisha akanitazama mimi.

"Uji umeufunika na macho umeyainamisha. Mnanikata nini?"

Nikamwambia. Hakupandisha sauti, hakuwa na tabia hiyo.

"Kidole changu, na mimi ndo wa mwisho kujua? Hata kanzu sikati mpaka nimuulize mwenyewe anataka urefu gani."

Nikalia pale pale, mimi huyu ninayewagombeza nyinyi mkilia. Akanifuta machozi kwa mkono wa kushoto, akanituma nikamwite daktari.

Daktari alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Babu yenu akamuuliza ubovu umefika wapi. Akaonyeshwa: vipande viwili vya juu. Na hiki cha chini? Mkalimani akasema hicho bado kizima, lakini daktari anaona salama zaidi kukata chote, maana kikibaki huenda ikabidi arudi kukatwa tena.

"Mwambie aniachie hicho. Nikikaa tahiyatu kwenye swala nna haja ya kukinyanyua. Ikibidi kurudi, ntarudi mwenyewe kwa miguu yangu, simlaumu mtu."

Daktari akatoa kalamu akachora mstari kidoleni, akauliza kama ni hapo. Babu yenu akaukagua kama anayekagua pindo, akasema ni hapo.

Hakurudi kukatwa. Kushona alijifunza upya kwa kidole cha kati, na wateja wakimtania kuwa darizi zake siku hizi zimenenepa. Mimi nikiswali nyuma yake nilikuwa nikikiona kile kipande kinanyanyuka, na moyo ukinilainika.

Siku aliyotoka hospitali niliwakusanya wote wa nyumbani, shemeji akiwemo, nikawaambia: "Kuanzia leo, mgonjwa wa nyumba hii akiwa na akili zake, msimuamulie jambo nje ya mlango. Aambiwe yeye kwanza, na ajibu yeye. Na mimi nikiugua, uji wangu msiufunike kabla hamjanambia."