Nilivyounda kompyuta ya kimya inayopozwa kwa maji: nilimshuku fundi, maji nikayaamini

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Najua humu ukiandika kitu kirefu unaambiwa unaleta chai, yaani umetunga. Anayedhani ni chai aweke kikombe pembeni, asome mpaka chini, halafu ndiyo aamue.

Mimi ni mdada, naishi Daraja Mbili hapa Arusha. Kazi yangu ni sauti. Nasoma matangazo, maelezo ya video za watalii, masomo ya wakulima. Narekodi chumbani kwangu, naedit, natuma. Ukuta nimeubandika magodoro mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama nina ugonjwa.

Kitu kingine mnachotakiwa kujua: nashuku watu. Sina roho mbaya, nimeumbwa hivyo tu. Ukinipa kitu kizuri, nakigeuza kwanza niangalie nyuma yake.

Sasa kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Kuna client wangu anatengeneza masomo ya kilimo ya kusikiliza kwenye simu. Akanirudishia kazi. "Dada, sauti nzuri, ila nyuma kuna mvumo."

Nikasafisha, nikatuma tena. Akarudisha tena. Mwisho akanipa muda nikatengeneze vifaa vyangu, ila akaniambia wazi kwamba mvumo ukisikika tena masomo yote yaliyobaki anampa mtu mwingine.

Na ile hela nilishaipangia.

Mama yangu anaishi Kikwe. Maji ya bomba la kule wanaoyajua wanayajua. Yanageuza meno yanakuwa ya kahawia, na ukiyanywa miaka mingi yanaingia mpaka kwenye mifupa. Mama magoti yameshaanza kumkatalia. Hospitali walimwambia maji yale aachane nayo kabisa, ya kunywa na ya kupikia yawe mengine. Mpango wangu ulikuwa nimalize masomo yale, ninunue tanki na mifereji ya kuvuna mvua, tufunge kwenye bati lake, yaishe.

Wakati huo alikuwa anategemea maji ya juu. Wameru wenzangu mtanielewa. Ndugu akishuka kutoka huko juu kwenye chemchemi kuja kukusalimia, haji na soda wala mkate, anakuja na dumu la maji. Ni heshima kubwa. Hatuyaogei, hatuyafulii. Sisi tumekua tunayaita maji mazuri, na mgeni wa maana ndiye anayepikiwa chai kwa hayo.

Turudi kwenye kompyuta.

Nilimtafuta fundi mmoja tunayeishi mtaa mmoja, nimwite Rama. Kijana wa Kirangi, mpole, msafi, anaongea taratibu. Upole wake ndio ulioanza kunitia wasiwasi.

Akaniambia kimya hakinunuliwi dukani, kinapangwa. Feni kubwa chache zinazozunguka polepole. Diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Pampu ndogo ikae juu ya sponji isitikise kasha. Halafu maji. Yanapita kwenye mipira inayoonyesha ndani mpaka kwenye kibati cha shaba juu ya processor, yanabeba joto, yanapelekwa kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi.

Aliposema rejeta nikajua tayari naibiwa. Mimi rejeta naijua ya gari.

Wakuu, nilimchunga yule kaka. Kila boksi lililokuja nililifungua mimi. Kila kifaa nilikipiga picha, mbele, nyuma, na namba zake. Akienda nacho nyumbani kwake kukijaribu, akirudi nacho nalinganisha na picha. Alikuwa ananiangalia tu. Nikasema moyoni, huyu anasubiri nizubae.

Siku moja kabla ya kufunga akaniletea madumu mawili ya maji. Akasema, "Sista, hii ni distilled, maji ya mvuke. Suuza rejeta na mipira mpaka maji yatoke bila vumbi. Yatakayobaki nitajazia kesho."

Madumu yenyewe ya mafuta ya kula, hayana lebo wala nini.

Alipoondoka nikafungua nikanusa. Hayanuki chochote. Nikajiuliza, mbona kila kitu kilikuja na boksi na namba, halafu kitu kinachoingia ndani kabisa ya mashine kinakuja kwenye dumu la mafuta? Nikajua hapa ndipo anaponipigia. Kakinga bombani huyu, anataka mashine iharibike nimwite tena.

Nikapiga simu Kikwe.

"Mama shikamoo. Maji mazuri yapo?"

"Marahaba mwanangu. Yapo."

"Naomba madumu mawili, kuna mashine ya kazi inapozwa kwa maji, inataka maji masafi."

Mama akacheka. "Inakunywa mengi hivyo?"

"Ni ya kuisuuza kwanza, halafu inabaki nayo."

"Basi tuma mtu wa bodaboda."

Hesabu yangu ilikuwa hii: maji yasiyoharibu meno ya mtu yataharibuje kompyuta? Maji ya Rama nikamwagilia mchicha wa mama mwenye nyumba. Maji ya mama yangu yalipofika nikasuuzia rejeta na mipira, nikasuuza tena na tena kwa sababu mimi nikisafisha nasafisha. Yaliyobaki nikayatia kwenye dumu la Rama. Kesho yake akaja akajaza mfumo kwa mkono wake mwenyewe, hajui lolote, na mimi nimesimama nyuma yake najiona mjanja.

Ikawaka. Wakuu, ile mashine ilikuwa kimya mpaka nikadhani haijawaka.

Lakini moyo haukutulia. Nikachukua rangi ya kucha nikaweka alama kwenye kitanki cha ile mashine, maji yalipoishia. Baada ya muda yakawa yameshuka. Nikampigia Rama kwa sauti ya juu. Akasema ni mapovu yaliyokuwa yamenaswa kwenye mipira yanatoka, ni kawaida. Nikamjibu sawa, ila sikumwamini.

Wiki zikaenda, bado napanga chumba na maiki. Nikaanza kuona mipira inapoteza rangi. Halafu kwa ndani kukawa na kitu cha kijani. Halafu pampu ikaanza kukoroma, na ule mkoromo ukaingia kwenye rekodi yangu ya majaribio.

Na client alishaniuliza masomo yanaanza kuja lini.

Nikamwita Rama. Kabla hajakaa nikamwambia nimeshamjua. Pampu ni ya mtumba, aliibadilisha siku aliyoondoka nayo, na asidhani kwamba kwa kuwa mimi ni mwanamke siwezi kumfikisha panapotakiwa. Niliongea hivyo mlango ukiwa wazi, majirani wakiwa uani wanasikia.

Rama alikaa chini akatoa maji, akafungua kile kibati cha shaba, akanionyesha. Vimifereji vyake vyembamba vilikuwa vimezibwa na utelezi wa kijani.

"Dada, haya ni maji yangu?"

Nikageuka nikaangalia madumu ya mama yaliyokuwa pembeni.

"Nakuuliza wewe, maana mimi nilijaza kilichokuwa kwenye dumu."

"Ni maji ya kwetu," nikasema. "Ni mazuri, yanatoka chemchemi."

"Ni mazuri kwa mtu. Yana uhai na yana madini. Humu ndani yanaota." Akafuta mikono taratibu. "Yale yangu nilichukua kwa watu wa betri za magari, wao ndio wanaoyatumia. Wale hawana chupa, unaenda na dumu lako. Ungeniuliza ningekupeleka ukaone. Tangu siku ya kwanza unanipiga picha kama mwizi, sijasema neno. Ila leo umenitangaza mbele za watu."

Niliona aibu wakuu. Nilimwomba msamaha hapo hapo, nikatoka uani nikawaambia majirani kwamba nimekosea mimi. Rama akasema atasafisha kila kitu na kujaza upya, nimwachie mpaka jioni.

Sikuweza kukaa pale kumwangalia. Nikachukua madumu ya mama, nikaenda Kikwe kuyarudisha.

Nimefika, mama kafurahi, kanyanyuka kwa kushika ukuta. Akachukua sufuria akaniambia kaa nikupikie chai. Akatoka nje. Nikamwona anakinga bombani.

"Mama! Hayo si uliambiwa uyaache?"

"Mazuri yameisha."

"Yameisha lini?"

"Si yale niliyokupa."

"Ulisema yapo!"

"Yalikuwepo," akasema, wala hakugeuka. "Wa huko juu hawajashuka tena, wako kwenye mavuno ya kahawa. Wewe ulisema mashine ya kazi inataka maji. Ningesema nini?"

Kumbe wiki zote zile nilipokuwa namchunga Rama kwa rangi ya kucha, mama yangu anakunywa bomba, anapikia bomba, ili mashine ya kumnunulia maji inywe maji yake. Niliyasuuzia vumbi, wakuu. Mengine niliyamwaga mtaroni.

Nilipanda bodaboda mpaka kwenye chemchemi mwenyewe, nikarudi na madumu. Kuanzia hapo kila wikiendi nilikuwa Kikwe na madumu mpaka kazi ikaisha.

Rama alisafisha, mashine ikarudi kimya. Nilirekodi masomo yote. Client akajibu neno moja, "Safi." Tanki sasa limefungwa kwa mama, na mvua imeshaingia.

Rama bado ni fundi wangu. Ila siku hizi kila anacholeta anakiandika kwa maka peni, herufi kubwa: MAJI. WAYA. SKURUBU. Juzi kaja na mfuko wa maandazi kauandika MAANDAZI. Nastahili.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilishuku kila kitu chenye bei. Kitu nilichopewa bure, na mtu asiyeweza kuniambia hapana, sikukigeuza hata mara moja kuangalia nyuma yake.

Magoti ya mama bado ni yale yale, sitawadanganya. Lakini kila Jumapili akinipigia, kabla ya habari nyingine, ananiuliza, "Mashine yako imeshiba? Maana huku kwangu yamejaa."

Wenye uzoefu na mambo ya water cooling karibuni mnikosoe. Na wewe unayekuja PM kuomba namba ya Rama, anza kwa kunieleza unamtakia nini.