Chupa ya Bahari ya Mekbib

Mekbib ana kipaji kimoja tu kinachojulikana mtaani kwetu Dire Dawa: kuanza. Kuanza anaanza vizuri sana. Alianza ngumi, akaacha siku aliyopigwa ya kwanza. Alianza kufuga rasta, zikafika nusu ya kichwa, akamhurumia kinyozi. Kifaransa alisoma masomo matatu, kwa hiyo anaweza kukuuliza stesheni iko wapi, ila ukimjibu, basi tena.

Sasa huyo ndiye aliyetuambia mimi na Feruza, katika wiki ya kujisomea kabla ya mitihani, kwamba twende Jibuti siku tatu. Tutasoma kwenye treni, alisema. Tukamwamini, maana tulikuwa tumesoma mpaka akili imeisha.

Bajeti yetu ilikuwa begi la injera kavu, ule mkate wetu, mfuko wa shiro, unga wa kupikia mchuzi, pilipili ya mama yake Feruza inayoweza kuwasha gari, na jebena langu la kupikia kahawa, nililolibeba mapajani kama mtoto mchanga. Ila Mekbib alikuwa na shida yake peke yake. Pasipoti yake ilikuwa ndani ya kopo la unga la bibi yake, Bibi Zewditu, na kopo lilikuwa chini ya kitanda cha bibi, na bibi alikuwa juu ya kitanda.

Bibi ndiye aliyemlea. Zamani aliuza chai na kahawa bandarini Assab miaka ishirini, mpaka vita vilipomfukuza na sufuria mbili. Huko, kila Ijumaa alikuwa anasimama baharini na magoti hayakuwahi kumsumbua. Sasa yanamsumbua, na vidonge vya daktari anavificha kwenye dengu. Alimpa mjukuu wake pasipoti pamoja na chupa tupu yenye uzi mwekundu shingoni.

"Nijazie bahari humu," alimwambia. "Sijawahi kukuona umemaliza jambo. Na hili likikushinda, utafute mtu mwingine wa kumwita bibi."

Mekbib alicheka. Alipotoka nje hakuwa anacheka.

Tulifika Jibuti, na kati yetu watatu hakuna aliyewahi kuona bahari. Mekbib alivua viatu, akaingia mpaka kwenye vifundo, akatoka mbio akisema inamvuta. Feruza akamuuliza ikuvute ikupeleke wapi, na wewe huna hata kazi. Lakini akarudi. Bibi alikuwa amemwonya kwamba maji ya pembeni ni ya kuoshea miguu ya watu, kwa hiyo akaenda mpaka maji ya kiunoni, macho kafumba, midomo ikimtaja kila mtakatifu anayemjua. Akatoka na chupa kaiinua juu kama kombe la ligi. Mimi na Mekbib tulikuwa tunalala juu ya paa la nyumba ya wageni, na Feruza kwa binti wa mwenye nyumba. Usiku ule chupa ililala juu ya mto wake wa kulalia na Mekbib alilala kwenye saruji.

Sasa tufike kwangu.

Alasiri ya mwisho nilipika kahawa. Maji ya bomba ya Jibuti yana chumvichumvi, kwa hiyo tulikuwa tunanunua ya chupa, na ya chupa yalikuwa yamebaki nusu. Nikaona nyingine pale kivulini, imejaa, ina uzi. Ya bibi nilidhani imeshafungwa begini, kwa hiyo nikaona Feruza kaitia hii alama ili tusimnywee. Nikasema moyoni, leo tutamnywea.

Kahawa yetu ni duru tatu, unga ni uleule, unaongeza maji tu. Duru ya kwanza nilichanganya, nusu kwa nusu. Kwetu kuna watu wanaotia chumvi kwenye kahawa, kwa hiyo nilisifiwa. Duru ya pili niliongeza kutoka kwenye ile ya uzi. Feruza akasema mji huu hata maji yake ya dukani ni ya uongo. Duru ya tatu, ambayo ndiyo ya baraka na huwezi kuondoka hujainywa, tulikunywa tumefumba macho, Mekbib akinisifu kwamba mkono wangu ni mzuri, tatizo ni nchi. Kisha nikatupa chupa.

Asubuhi, kwenye treni, matumbo yalianza kuongea. Tulipokezana choo cha behewa kama walinzi wa zamu. Mekbib aliporudi mara ya nne, akafungua begi.

"Tsegab," akaniita. "Chupa yangu iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya uzi mwekundu."

Nilimtazama. Nikalitazama tumbo langu. Feruza akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka.

"Kaka," nikasema, "bibi yako tumemnywa."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Tulipofika mpakani akasema kwa sauti ndogo kwamba mara hii alikuwa amemaliza jambo kabisa.

Treni inayorudi Jibuti ilikuwa kesho yake, na mtihani pia. Tuliposhuka Dire Dawa, Feruza, anayesomea famasia, akatangaza kwamba bahari ni gramu thelathini na tano za chumvi kwa lita moja. Tukanunua chumvi, tukakoroga kwenye chupa nyingine nyuma ya duka, shingoni tukaifunga uzi mwekundu. Kazi yangu ilikuwa kuonja, kwa sababu eti mimi ndiye mtaalamu. Nilionja, nikasema bado. Tukaongeza. Nikaonja tena, tumbo likaitambua kabla yangu.

Bibi Zewditu aliipokea kwa mikono miwili. Akanusa. Akachovya kidole, akakilamba.

"Maji haya," akasema, "hayajawahi kuona samaki."

Mekbib angeweza kudanganya. Kudanganya ndicho kitu kingine anachokianza vizuri. Badala yake akamsimulia yote: kiunoni, watakatifu, saruji, kahawa. Bibi akauliza tulikunywa duru ngapi. Tatu, akajibu. Bibi akatikisa kichwa, akaniagiza nilete jebena, akapika kwa maji ya chupa yetu.

Akatumiminia mpaka pomoni, watatu wote, kisha akakaa anatuangalia. Duru ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akajimiminia na yeye, nadhani ili tusiseme anatuonea. Akanywa kidogo, akasita. Akanywa tena.

"Bomba la Assab lilikuwa hivihivi," akasema, akiwa haongei na sisi. "Miaka ishirini niliwauzia watu kahawa na chai zenye ladha hii, na hakuna aliyelalamika."

Akamaliza kikombe. Akamgeukia Mekbib, akamwambia likizo ijayo chupa ni mbili, na Tsegab abaki nyumbani.

"Sawa, bibi," akasema Mekbib, na alikuwa anaanza kunyanyuka alipoona mkono wa bibi unalifuata jebena tena. Kwetu hakuna duru ya nne. Hakuna jina lake hata. Siku ile ilikuwepo, na tuliinywa.