Kilima Kimoja Tu

Harufu ya nta ikinifikia, hata kama ni ya dawa ya viatu tu, hugeuka nikatazama mlangoni. Wenzangu husikia nta wakakumbuka asali. Mimi hukumbuka siku tano za mwezi wa saba, nikiwa na miaka kumi, nyumbani kwetu Kashaulili, mjini Mpanda, nikimngoja baba.

Baba alikuwa mrina asali. Kila msimu alifunga madumu matupu kwenye baiskeli, akaenda na wenzake wawili mpaka msitu wa Ugalla, wakakaa kambini wiki mbili au tatu. Akirudi, nguo zake zilinukia moshi na nta, na mimi nilikuwa nazipenda kuliko nguo za Idi. Siku ya kurudi aliitaja mwenyewe kabla ya kuondoka, na hakuwa mtu wa kuikosa.

Mwaka huo mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuja na treni akatuletea mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni. Ilikuwa na kaseti moja. Maandishi yake yalikuwa ya kigeni, hakuna aliyeweza kuyasoma Mpanda nzima, kwa hiyo sikuwahi kujua yule mtu mdogo mwenye joho jekundu alitumwa nini. Wenyeji wa kijiji chake walimwambia mambo mengi, naye akaondoka bila kuelewa neno, kama mimi. Lakini nje ya kijiji kulikuwa na msitu. Ukifika ukingoni mwa kioo, msitu mwingine unatokea, na baada ya huo mwingine, wenye pango, au daraja, au bibi kizee anayeuza dawa peke yake porini. Sikujali kushinda. Nilitaka tu kujua mbele kuna nini.

Kulikuwa na kero moja. Ungeweza kuukata mti kwa upanga ili uwe alama, lakini ukitoka na kurudi, unaukuta umesimama tena. Baba alipoona hivyo alicheka.

"Msitu huu hauna adabu," alisema. "Sisi kule, njia usiyopita unailazia tawi, anayekufuata nyuma asipotee. Sasa hapa utafanyaje?"

Akanishauri nichore. Nilichukua daftari langu la hisabati, naye akalipaka nta kwenye jalada, maana vidole vyangu havikuwa visafi hata siku moja. Kesho yake akaondoka. "Ijumaa ya wiki ya pili," alimwambia mama.

Ijumaa hiyo ikapita. Jumamosi wale wenzake wawili wakarudi bila yeye. Walisema waliagana naye njiani, akawaambia watangulie, atawafuata. Wakadhani amepita njia ya mkato na ameshafika. Mama aliwakaribisha uji, na alipokuwa akimimina nikaona anamwaga nusu chini.

Tangu hapo mama hakukaa. Kengele ya baiskeli ikilia barabarani, anatoka. Watu walikuja kumfariji na kila mmoja akaja na habari yake ya tembo au ya simba, ambayo ilikuwa heri wangebaki nayo. Mimi nikajiwekea nadhiri yangu ya siri: mtu wangu mwenye joho jekundu hatatoka kijijini mpaka baba arudi. Akipotea yeye, na baba amepotea. Sijui nani aliniambia hivyo, lakini niliamini kabisa. Nilikuwa nawasha mashine na kumsimamisha kisimani, basi, namtazama.

Jumanne mchana mama alikwenda kuulizia kwa warina wengine. Nikabaki peke yangu. Nikasema nitamtoa kidogo tu, msitu mmoja. Kisha mmoja tena. Nikapita daraja, nikapita milima ambayo daftari langu halikuwa nayo, nikatokea kwenye ziwa lililozungukwa na miti myeupe. Nilichora huku mkono unakwenda mbio. Nilifurahi, nakiri. Kwa muda wa saa nzima sikumkumbuka baba.

Nilipokumbuka, nilianza kumrudisha yule mtu kwa haraka, na umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Mashine ile haikuwa inatunza chochote, ukizima umepoteza. Nikajua nimemuua baba.

Mama alinikuta ninalia. Akafikiri nalia kwa uchungu wa baba, akanikumbatia, akaniita mtoto mwenye moyo. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Baba alifika Jumatano alasiri, amekonda, mdomo umekauka, amepanda baiskeli yake na madumu mawili.

"Ringi ya nyuma ilipinda, Mama Zena," alisema. "Nilitembea kwa miguu mpaka nikapata wa kuninyooshea."

Mama akamchemshia maji ya kuoga, kisha akachukua kitambaa akaenda kuifuta baiskeli, maana ilikuwa imejaa asali.

Jioni baba aliomba daftari. Alipofika kwenye ziwa aliweka kidole juu yake.

"Huku ulifikaje?"

"Nilisema msitu mmoja tu. Halafu nikasema mmoja tena."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Akachukua penseli yangu, na kwenye ukurasa uliofuata akachora mto, kilima, na nyuma ya kilima bwawa lenye korongo wengi waliosimama kwa mguu mmoja. Alichora vizuri, bila kufuta. Kisha akafunga daftari.

"Usimwonyeshe mama yako," alisema.

Nikadhani ni kwa sababu ya hisabati.

Baba ametutoka siku nyingi. Mama anaishi na mimi, na mimi, mama wa watoto wawili, bado nacheza. Gemu za siku hizi zina dunia nzima ndani, theluji, farasi, magofu, na hakuna anayekukataza kwenda popote. Juzi mama alikuwa nyuma yangu anachambua mchele.

"Zima, Zena. Tule."

"Kilima kimoja tu, mama."

Sikusikia tena mchele kwenye ungo.

"Baba yako naye alikwenda kuangalia kilima," alisema. "Siyo?"

Nikageuka. Sikuwahi kumwonyesha ule ukurasa.

"Ringi niliifuta mimi mwenyewe asali," alisema. "Haikuwa na kovu. Wala haikuwahi kupinda."

"Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa amerudi."

Akaendelea kutoa mawe. Miaka yote nimejihesabu mimi kuwa ndiye niliyebeba mzigo wa siku zile tano, na siri yake juu. Kumbe mimi na baba tulikuwa na ziwa na bwawa la kutufuta machozi. Mama yeye alikuwa na barabara tu, na kengele za baiskeli za watu wengine.

Nikazima, nikaenda kukaa naye.