Chai Iliyochelewa Kamukuywa

Ukifika Kamukuywa uulize habari za yule msichana wa Kitale aliyekuja kumsaidia dadake kulea, utaambiwa mambo mawili: kwamba anacheka kanisani, na kwamba hajui kupika chai. La kwanza ni kweli. La pili nitalieleza, maana lilinichafulia jina kuanzia Kimilili mpaka Saboti, na sijutii hata kidogo.

Dadangu aliolewa huko na fundi wa mbao, Mbukusu mpole ambaye akicheka ni mabega tu yanayocheka, sauti haitoki. Alipojifungua, mama hangeweza kuacha duka lake Kitale, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo nikatumwa mimi. Mama alinifungia unga wa uji, leso mpya na onyo juu yake.

"Unaenda kusaidia, si kuchekesha watu. Umesikia?"

Nikamwambia nitajaribu yote mawili.

Mtoto alikuwa mwekundu, kipara, na uso wa mtu aliyeamshwa aje mkutanoni bila kuambiwa ni mkutano wa nini. Nikampa cheo papo hapo: Mheshimiwa. Alipiga kelele bila kujali nani amelala, alitaka kubebwa kila anakoenda, na hakuwa amefanya kazi hata moja tangu aingie. Tofauti yake na waheshimiwa wengine ilikuwa kwamba huyu alichokula alikirudisha.

Na alikirudisha kweli. Kwenye bega la dada, kwenye kochi, kwenye nywele zangu nilizotoka kusukwa. Alikuwa ananyonya vizuri, analazwa, halafu baada ya muda mfupi anajipinda mgongo kama upinde na kulia kilio cha mtu anayeungua, maziwa yakitoka mdomoni na mengine puani. Palikuwa na mahali pamoja tu alipokubali kulala, kifuani pa dada. Kwa hivyo dada hakulala. Siku yangu ya pili pale nilimwona akitia chumvi kwenye uji badala ya sukari, akaunywa wote, akaniambia asante.

Shemeji naye, kama fundi, alikitazama kile kitanda kidogo alichokuwa amekitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

"Hii ni shida ya mteremko tu," akasema. "Tukiinua upande wa kichwa, maziwa yatakaa chini."

Akaleta matofali mawili, akainua. Tukampigia makofi. Tuliporudi kuchungulia, Mheshimiwa alikuwa ameteleza mpaka mwisho wa kitanda, amejikunja kwenye kona, kidevu kimebana kifua, na pumzi inatoka kwa shida. Dada alimnyakua. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, na ndivyo wote tulivyomwita mamake shemeji, aliyatoa yale matofali akayarudisha kwenye mlango wa banda la kuku.

Kesho yake akaja Senge. Senge ni shangazi, dadake babake shemeji, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye akikaa kwenye kochi wengine wanainuka kidogo. Alimtazama mtoto akitapika, kisha akamtazama dadangu.

"Ni maziwa," akasema. "Maziwa ya huyu yamechacha. Si unaona mtoto mwenyewe anayakataa? Mnunulieni ya mkebe kabla hajaisha."

Kisha akaomba aongezewe sukari kwenye chai.

Tangu saa ile dada alianza kunyonyesha akiwa amejifunika leso mpaka shingoni, ameupa mlango mgongo, kana kwamba anamlisha mtoto kitu cha wizi.

Tulimpeleka kliniki, mimi, dada na shemeji. Muuguzi alikuwa mama mtulivu mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Alimvua Mheshimiwa, akampima uzito, akambonyeza tumbo polepole.

"Hayo anayotapika yana rangi gani? Kijani? Yana damu?"

"Hapana daktari. Ni meupe tu."

"Anakojoa vizuri?"

"Daktari, huyu anakojoa mpaka ukutani," nikasema mimi. Dada alinikanyaga mguu. Muuguzi alicheka.

"Basi sikilizeni. Maziwa ya mama hayana shida yoyote. Shida ni ule mlango wa juu ya tumbo, kwa mtoto mchanga bado haujajua kufunga vizuri. Maziwa yanapanda na asidi ya tumbo, yanamchoma, ni kama kiungulia chako wewe. Wengi wanaacha wenyewe wakikua. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Akimaliza ashikwe wima, kichwa begani, kama nusu saa, atoe hewa. Halafu alazwe chali, godoro gumu, lililo sawa. Hakuna mto. Hakuna kumlaza kwa tumbo. Na hakuna kuinua kitanda."

Shemeji alianza kuvitazama viatu vyake.

"Na wewe mama, usimshike hivyo ukiwa kwa kochi na usingizi umekushika. Ukisinzia anaweza kuteleza akakosa hewa. Ukihisi umechoka, mpe mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani?" dada akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Uzito ulikuwa umepanda, ila kidogo kuliko muuguzi alivyotaka. Akatuambia turudi apimwe tena. Tulipotoka langoni dada alisimama, akamwambia shemeji kwa sauti ndogo:

"Uzito usipopanda siku hiyo, naacha kunyonyesha. Ununue ya mkebe."

"Lakini daktari amesema..."

"Daktari haishi na sisi. Maneno ya Senge yanaishi na sisi."

Mimi ni mtu wa mzaha, lakini namjua dadangu. Tangu mimba iingie, kitu kimoja alichokuwa akikingoja ni kumnyonyesha huyo mtoto. Sasa alikuwa anakwenda nyumbani akiamini ndiye anayemuunguza.

Kwa hivyo kazi ikawa kutafuta mikono. Usiku shemeji alichukua zamu yake, akitembea na Mheshimiwa begani huku akimsimulia bei ya mbao. Kukhu alikuwa na ng'ombe, shamba na mgongo unaouma. Mimi nilikuwa na nepi, sufuria na mabega mawili, yote yananuka maziwa. Mtoto ananyonya mara nyingi, kama alivyoamriwa, na kila mara ni nusu saa ya kusimamishwa kama bendera. Tulishindwa. Mchana dada bado alikuwa anamshika mwenyewe, na mara mbili nilimkuta kichwa kimeanza kuanguka.

Halafu kulikuwa na wageni. Sijui wewe kwenu, lakini Kamukuywa mtoto akizaliwa wanawake wanakuja kumwona. Wanakuja na kuku, na mkungu wa ndizi, na unga wa wimbi, na sukari, na wanakuja kila siku alasiri. Na mgeni wa mtoto haondoki bila chai. Dada alilazimika kuoga, kuvaa vizuri, kuketi na kutabasamu. Wao walimpokea mtoto akiwa ametoka tu kunyonya, wakasema anafanana na nani, wakamlaza kwenye kochi, wakageuza macho yote kwenye mlango wa jikoni. Chai ikifika, Mheshimiwa naye alikuwa ameanza kutapika na kulia, wageni wanatikisa vichwa, na dada anarudi kujificha na leso yake. Kusema kweli, nilikuwa nimeanza kuwachukia wale kuku.

Siku moja mvua ikanyesha juu ya kuni. Mgeni alikuwa jirani mmoja, mjane mwenye mashine ya kusaga, amekuja peke yake. Mimi jikoni napuliza, moshi unaniliza, moto hautaki. Yeye sebuleni, chai haionekani, mazungumzo yameisha, mtoto yuko mikononi. Angefanya nini? Akamwinua begani, akaanza kuzunguka naye chumba kizima, akimpapasa mgongo na kuimba pole pole. Alizunguka, akazunguka. Nikasikia mbweu, bana, mbweu ya mzee aliyeshiba ugali na kuku. Nilipotoka hatimaye na chai, Mheshimiwa alikuwa amelazwa chali kitandani, amelala, mikono imeinuliwa juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Na dada alikuwa amelala kwenye kiti chake, mdomo wazi, akikoroma mbele ya mgeni.

Yule mama aliweka kidole mdomoni, akachukua kikombe chake, akaenda kuketi nje.

Kesho yake kuni zilikuwa kavu kabisa. Lakini chai haikuiva.

Mpango ulikuwa rahisi. Wageni wakifika, dada ananyonyesha, namtoa mtoto na kumkabidhi mgeni nikisema, "Mama, tafadhali nishikie, kichwa hapa begani, asilale bado, nikatengeneze chai." Nani atakataa? Ndicho alichokuja kufanya. Dada anaambiwa aende ndani kidogo. Mimi naingia jikoni, nawasha moto wa kutosha kutoa moshi wa kuonekana, kisha naketi nikitafuna muwa. Nikisikia mbweu na mtoto amelazwa, napika.

Kukhu alinikamata upesi. Aliingia kuchukua ndoo ya maji, akaona sufuria baridi na miguu yangu juu ya gunia.

"Moto umefanya nini?"

"Umechoka, Kukhu. Umepumzika."

"Na mtoto?"

"Ameshikwa. Bado hajatoa hewa."

Akachungulia sebuleni kupitia ufa wa mlango. Kule ndani mama wawili wa kanisa walikuwa wanapokezana Mheshimiwa kama sadaka, na mlango wa chumba cha dada umefungwa. Kukhu alikaa pale akitazama kwa muda. Nilijua nimekwisha, maana katika nyumba ile mgeni kukaa bila chai ni aibu yake yeye, si yangu. Akainama, akachomoa ukuni uliobaki ukiwaka, akauzamisha kichwa kwenye ndoo mpaka ukalia tsss.

"Kama unazima," akasema, "zima vizuri."

Kuanzia hapo tulikuwa wawili. Wageni wakiuliza, Kukhu alikuwa anapumua kwa huzuni na kusema, "Ni huyu msichana wa Kitale. Huko wamezoea gesi." Niliitwa mvivu, niliitwa mtoto wa mjini, mama mmoja aliniombea. Niliitikia amina.

Siku chache kabla ya kliniki, Senge akarudi, amevaa gauni la kitambaa kizuri cha harusi. Nilimkabidhi Mheshimiwa.

"Chai ya nyumba hii inatoka wapi siku hizi?" akaita baada ya muda. "India?"

"Inakuja kwa miguu, Senge!" nikajibu kutoka jikoni.

"Mshike wima huyo, usimlaze," Kukhu akamwambia, akipita na majani ya ng'ombe. "Mgongo unyooke."

"Unanifundisha mimi? Nimelea tisa!"

Na kweli alijua. Nilichungulia. Ule mwili mkubwa ulikuwa umetulia kama ukuta wenye joto, mkono mmoja umeshika makalio ya mtoto, mwingine kisogo, na ile sauti ya kutangazia mkutano ilikuwa imekuwa mnong'ono. Mheshimiwa akatoa mbweu na maziwa kidogo juu ya gauni la harusi. Senge akafuta kwa kiganja, akaendelea. Alimlaza mwenyewe, chali, akasimama akimtazama mpaka akahakikisha.

"Huyu alikuwa anataka tu mkono wa mtu anayejua," akasema.

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri sana. Nikalimeza. Nikampelekea chai yenye majani na sukari ya kumtosha chifu, na nilipompa kikombe nilipiga goti, si kwa mzaha.

Kliniki, dada hakutaka kutazama mzani. Alitazama bango la chanjo ukutani. Muuguzi akasoma, akarekebisha miwani, akasoma tena.

"Amepanda. Amepanda vizuri sana."

"Mpime tena," dada akasema.

Akampima tena. Uzito ulikuwa ule ule. Dada akamchukua Mheshimiwa akiwa uchi vile vile, akaketi kwenye benchi katikati ya akina mama wote, akamnyonyesha. Leso ilikuwa imeanguka chini. Niliiokota nikaishika, na sikumpa.

Nilipofunga mkoba kurudi shule, Mheshimiwa bado alikuwa anarudisha kidogo hapa na pale, hakugeuka malaika. Lakini alikuwa analala kitandani kwake, kilicho sawa kama meza. Mara nyingi nawafikiria wale wanawake, mama wa mashine, wale wa kanisa, Senge na gauni lake. Walikuja kumwona mtoto wakaajiriwa bila kujua, na kila mmoja alitoa bega lake kabla ya kuonja chochote. Sikuwaambia asante vizuri. Niliwapa chai iliyochelewa.

Habari zilinitangulia nyumbani. Mama alinipokea mikono kiunoni.

"Wachuuzi wa Kamukuywa wamenieleza sokoni. Ati huwezi kuchemsha chai? Nilikukosea wapi?"

Kabla sijajitetea simu yake ikalia. Ni dada. Mama akaweka spika ili nisikie pia.

"Habari ya huko?" mama akauliza.

"Nzuri, mama. Kuna wageni sebuleni." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliye chini ya blanketi.

"Na mtoto?"

"Wamemshika."

"Na wewe uko wapi?"

"Nimelala."

"Umelala na wageni wako ndani? Nani anawapikia chai?"

"Kukhu," dada akasema, akipiga mwayo mrefu. "Anasema kuni zimeloa."

Wiki hiyo yote mvua haikuwa imenyesha Kamukuywa.